Paka mwenye kisukari: insulini na vipimo vya nyumbani, insulini na vipimo vya kliniki, au dawa ya mdomo?

Daktari akishakuambia paka wako ana kisukari, ushauri huanza kumiminika kutoka kila upande. Mmoja anakwambia badilisha chakula tu, utaona maajabu. Mwingine anasema ni sindano mara mbili kwa siku mpaka mwisho wa uhai wake. Wa tatu amesikia habari ya dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, hakuna sindano wala damu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na wewe umekaa sakafuni unamtazama paka anayemaliza bakuli la pili la maji tangu asubuhi.

Nami nilikaa hapo. Paka wangu Kijivu alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka kumi na moja na kilo saba za uzito, asiyetoka nje. Hao ndio hasa wanaopata ugonjwa huu kwa wingi: wanene, wenye umri, madume waliohasiwa. Baada ya kupita njia mbili kati ya tatu nitakazozieleza, jambo moja limenikaa moyoni: dawa hushusha sukari, chakula huizuia isipande upya, lakini ni kipimo kinachokuambia lini ugonjwa umeanza kutulia. Bila kipimo, paka anaweza kuwa amepata nafuu na wewe bado unamchoma dozi ileile. Hilo ni jambo la hatari, na nitalirudia.

Kwanza, kwa nini inawezekana kutulia

Mbwa wengi wakipata kisukari huhitaji insulini maisha yao yote. Paka ana bahati tofauti. Kisukari chake mara nyingi hufanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu: kongosho bado lina seli za kutengeneza insulini, ila mwili hauitikii insulini hiyo vizuri, hasa ukiwa umejaa mafuta. Sukari inabaki juu. Ikibaki juu kwa wiki na miezi, yenyewe inazidhoofisha zile seli mpaka zinakaribia kunyamaza kabisa. Ukiishusha mapema, baadhi huamka na kuanza kazi tena.

Ndiyo maana ya kutulia. Kwa kawaida huhesabiwa hivyo paka anapokaa takriban wiki nne bila dawa yoyote ya sukari huku sukari yake ikibaki katika kiwango cha kawaida. Si kupona moja kwa moja. Takriban robo ya paka waliotulia, au zaidi kidogo, hurudi kwenye kisukari baadaye.

Na muda una uzito wake hapa. Kadiri unavyoanza matibabu karibu na siku ugonjwa ulipogunduliwa, ndivyo nafasi inavyokuwa kubwa.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, mwombe daktari wa mifugo aangalie vitu vinavyoweza kuharibu kazi yote: meno yaliyooza na fizi zenye usaha, maambukizi ya njia ya mkojo, uvimbe wa kongosho, na dawa za steroidi kama prednisoloni, ambazo zenyewe zinaweza kumletea paka kisukari. Mtu anaweza kuongeza insulini miezi mitatu mfululizo kumbe jino ndilo linaloipinga.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yaleyale matano: nafasi ya ugonjwa kutulia, hatari yake, kazi ya kila siku itakayokuangukia, namna gharama inavyokaa, na paka pamoja na mtu anayefaa njia hiyo. Katika hatari nitataja mbili zilizo kinyume. Ya kwanza ni sukari kushuka mno. Ya pili ni ketoni, yaani tindikali zinazojaa kwenye damu pale mwili unapokosa insulini ya kutosha na kuanza kuyeyusha mafuta yake. Zote mbili huua, na njia zinazokwepa moja huwa zinasogelea nyingine.

Chakula chenye wanga kidogo kimo katika njia zote, kwa hiyo nimekiwekea sehemu yake mbele.

Njia ya kwanza: insulini, ukipima sukari nyumbani

Insulini zinazotumika zaidi kwa paka ni zile zinazofanya kazi kwa muda mrefu, kama glargini na insulini ya protamini zinki, kila baada ya saa kumi na mbili. Dozi ya kuanzia huwa ndogo, kwa kawaida haizidi yuniti moja au mbili kwa sindano, na daktari ndiye anayeipanga. Kazi yako ni kupima, kuandika na kumpelekea namba.

Nafasi ya kutulia. Hapa ndipo matokeo bora zaidi yameandikwa. Katika utafiti wa Roomp na Rand uliochapishwa mwaka 2009, paka 55 walitibiwa kwa glargini na chakula chenye wanga kidogo, huku wenye paka wakipima sukari nyumbani mara kadhaa kwa siku. Asilimia 64 walitulia. Waliowekwa kwenye mpango huo ndani ya miezi sita tangu kugunduliwa walifikia asilimia 84. Waliochelewa kuliko hapo, asilimia 35. Zisome namba hizo kwa uangalifu: ni za watu waliojitoa sana, na hazimwahidi mtu yeyote kitu. Ila tofauti kati ya 84 na 35 inatosha kumwondoa mtu kwenye "ngoja kwanza tuone".

Hatari. Ukiifukuza sukari mpaka karibu na kiwango cha kawaida, unatembea karibu na ukingo. Na kongosho linapoanza kuamka, dozi iliyokuwa sahihi Jumatatu inaweza kuwa nyingi mno Alhamisi. Sukari ikiwa chini ya 3.3 millimoli kwa lita (miligramu 60 kwa desilita), hiyo ni dharura ndogo inayoelekea kuwa kubwa: paka atayumba, atatetemeka, atakuwa na njaa ya ghafla au atajificha, na mwisho degedege. Kama anaweza kumeza, mpe chakula. Kama amelegea, mpake asali au sharubati ya glukosi kwenye fizi, kidogokidogo, kisha mpigie daktari ukiwa njiani. Usimmiminie chochote kooni paka mwenye degedege. Hatari ya ketoni kwa njia hii ni ndogo maadamu insulini haikatizwi na paka anakula.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi vya kutosha, nayo ni sirinji. Insulini zinazotumika zaidi kwa paka huja kwa nguvu mbili: yuniti 40 kwa mililita na yuniti 100 kwa mililita, na kila moja ina sirinji zake. Ukivuta insulini ya 100 kwa sirinji ya 40 mpaka alama ya moja, umempa paka yuniti mbili na nusu. Ukifanya kinyume, anapata chini ya nusu ya dozi na unaanza kushangaa kwa nini haponi. Soma chupa, soma sirinji, kila unaponunua upya.

Kazi ya kila siku. Sindano yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Sindano ni nyembamba na paka wengi hata hawaachi kula. Kinachotisha watu ni kutoboa sikio. Lishike sikio mpaka lipate joto, au liwekee kitambaa chenye maji vuguvugu kwa dakika moja, kwa sababu sikio baridi halitoi damu. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya ukingo wa sikio, toboa karibu na mshipa mdogo unaopita pembeni, si katikati ya mshipa. Unahitaji tone dogo kama kichwa cha pini. Kisha bana kwa pamba hadi damu ikauke, na mpe kipande cha nyama. Kijivu alinikwaruza siku mbili za mwanzo. Wiki ya tatu alikuwa anakuja mwenyewe mezani akisikia mlio wa mkebe wa stripu (vijikaratasi vya kupimia tone la damu), kwa sababu nyama ilifuata.

Vipimo muhimu ni vile vya kabla ya kila sindano, kisha, siku moja moja, kati ya saa ya nne na ya nane baada ya sindano, ambapo sukari mara nyingi hufika chini kabisa. Kipima sukari cha binadamu kinaweza kutumika, ila kwa damu ya paka huonyesha namba ndogo kuliko ilivyo kweli. Kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama kinakaribia zaidi. Chochote utakachochagua, baki nacho hichohicho, na daktari ajue ni kipi.

Gharama. Nzito mwanzoni: kifaa, stripu, sirinji, chupa ya insulini. Baadaye safari za kliniki hupungua, na paka akitulia karibu zote zinaisha.

Anayefaa. Nyumba yenye ratiba isiyoyumba, walau mtu mmoja asiyeogopa tone la damu, na paka anayekubali kushikwa. Pia paka aliyegunduliwa hivi karibuni, kwani hapa ndipo mlango uko wazi zaidi.

Njia ya pili: insulini, ukipimiwa kliniki

Insulini ileile, ratiba ileile, chakula kilekile. Tofauti ni kwamba macho yanayotazama sukari ni ya kliniki, kila baada ya wiki kadhaa.

Nafasi ya kutulia. Ipo, na paka wengi hutulia hivi. Kinachopungua ni kasi. Dozi hurekebishwa kwa hatua za wiki badala ya siku, na muda ndio tuliosema una uzito.

Hatari. Tatizo kubwa la njia hii ni hofu ya paka. Mtie kwenye kikapu, mbebe kwenye gari, mweke chumba kimoja na mbwa anayebweka, na sukari yake itapanda hata kama alikuwa na hali nzuri nyumbani. Namba hiyo ya hofu ikichukuliwa kama kweli, dozi inaongezwa. Akirudi nyumbani na kutulia, anashuka mno. Kwa hiyo kliniki nzuri haitegemei sukari ya saa ile peke yake. Hupima fruktosamini, yaani protini za damu zilizoshikana na sukari, ambayo huonyesha wastani wa sukari wa wiki moja hadi tatu zilizopita na haibadilishwi na hofu ya saa moja. Udhaifu wa fruktosamini ni huohuo wa wastani wowote: siku za chini na siku za juu zinaweza kufichana ndani yake.

Kazi ya kila siku. Sindano mbili, na daftari. Pima maji anayokunywa, andika mabonge ya mchanga wa mkojo ni mangapi, mpime uzito kila wiki, angalia kama anatembea kwa visigino vya miguu ya nyuma vikigusa sakafu, dalili kwamba neva zimeumia kwa sukari. Hizi si alama za kupuuzwa. Daktari mwenye uzoefu atazipa uzito sawa na damu. Unaweza kuongeza karatasi za kupima mkojo, ukijua mpaka wake: figo za paka huanza kumwaga sukari kwenye mkojo ikifika takriban millimoli 14 hadi 16 kwa lita (miligramu 250 hadi 290). Mkojo usio na sukari unakuambia tu kwamba yuko chini ya hapo. Haukuambii kama yuko saba au yuko mbili. Lakini mkojo ukitoka safi siku kadhaa mfululizo kwa paka anayechomwa insulini, piga simu siku hiyohiyo kabla ya dozi inayofuata, kwa sababu huenda anatulia.

Gharama. Nyepesi mwanzoni, lakini hujirudia kila ziara.

Anayefaa. Mtu ambaye mikono yake haiwezi kazi ya tone la damu, kwa sababu ya macho, maumivu au hofu isiyoisha. Paka mkali asiyeguswa masikio. Na nyumba ambayo lengo lake la kweli ni paka mwenye raha, anayekula na asiyepungua, hata kama hatatulia. Hilo ni lengo halali. Wenye paka hulaumiwa kwa kulichagua, na sioni haki katika lawama hiyo.

Kati ya njia hizi mbili kuna daraja: sensa ndogo inayobandikwa kwenye ngozi iliyonyolewa, kama FreeStyle Libre, iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu na ambayo madaktari wa mifugo wameipokea. Husoma sukari mchana na usiku kwa muda wa wiki mbili hivi, ingawa kwa paka mara nyingi hubanduka mapema. Inasoma majimaji ya chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na namba ya chini inayotia shaka ni vizuri kuihakiki kwa tone la sikio. Kwa anayeogopa kutoboa kila siku, sensa moja mwanzoni na nyingine dozi inapobadilika inaweza kufunua yale ambayo ziara nne za kliniki hazikuyaona.

Njia ya tatu: dawa ya mdomo mara moja kwa siku

Hizi ni mpya. Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozin, Bexacat, Desemba 2022, kisha dawa ya maji ya velagliflozin, Senvelgo, mwaka 2023. Zote hufanya kazi kwa kuzifanya figo ziache kuirudisha sukari mwilini; inatoka na mkojo. Naziita dawa za kukojoza sukari, na jina hilo linasaidia kukumbuka kitu kimoja: haziongezi insulini hata chembe. Paka lazima awe na yake mwenyewe inayomtosha.

Nafasi ya kutulia. Sukari hushuka haraka, mara nyingi ndani ya siku chache, na kongosho lililopumzishwa linaweza kuamka kwa dawa hii kama kwa nyingine. Shida ni kuligundua. Dawa ikiwa inamwaga sukari, namba nzuri haisemi ni kongosho au ni figo, na njia ya kujua ni kusimamisha dawa chini ya uangalizi. Ushahidi wa kutulia kwa njia hii bado ni mchache ukilinganisha na insulini.

Hatari. Sukari kushuka mno ni nadra, na hiyo ni neema kubwa kwa mtu anayelala mbali na paka wake. Hatari imehamia upande wa pili. Paka ambaye insulini yake mwenyewe haitoshi ataanza kujaza ketoni huku sukari ikionekana ya kawaida kabisa. Kipima sukari kitakuambia yuko salama wakati yuko mahututi. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi: ketoni zipimwe, kwenye damu au mkojo, kwa ratiba ya daktari. Paka akikataa chakula, akitapika, akinyong'onyea, usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali na useme wazi kwamba yuko kwenye dawa ya aina hii, kwa sababu atahitaji insulini hata kama sukari yake ni nzuri. Kuharisha au kinyesi laini hutokea pia, mara nyingi hafifu.

Kazi ya kila siku. Ndogo kuliko zote. Dawa mara moja, pamoja na chakula ukitaka. Mkojo utakuwa na sukari siku zote, kwa hiyo karatasi za sukari za mkojo hazina kazi hapa. Za ketoni ndizo zinazohitajika.

Gharama. Hakuna sirinji wala stripu nyingi, ila kuna vipimo vya damu kabla ya kuanza na wiki za mwanzo, navyo havirukwi.

Anayefaa. Paka aliyegunduliwa karibuni, mwenye nguvu, anayekula vizuri, asiye na ketoni, ambaye figo, ini na kongosho vimekaguliwa vikaonekana vizima. Bexagliflozin inataka paka awe na kilo 3 au zaidi. Paka aliyewahi kutibiwa kwa insulini hafai kwa mujibu wa maelekezo ya Marekani ya dawa hizi, kwa hiyo usikatishe sindano kwa uamuzi wako ili uhamie kidonge. Wapo wenye paka waliofanya hivyo kwa nia njema wakaishia chumba cha dharura.

Na chakula peke yake? Kwa paka aliyekwisha kuonyesha dalili za kisukari, karibu kamwe hakitoshi, na kila wiki ya kujaribu ni wiki ya sukari kuzichosha seli zilizobaki. Kitumie pamoja na dawa.

Chakula: kopo, kopo la tiba, au punje kavu

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake ni dhaifu katika kuipokea sukari nyingi inayofika kwa mkupuo. Ndiyo maana lengo ni chakula ambacho wanga unaleta chini ya asilimia 12 ya nishati yote. Utafiti wa Bennett na wenzake wa mwaka 2006 uliwagawa paka 63 katika vyakula viwili vya kopo. Baada ya wiki 16, asilimia 68 ya waliokula chakula chenye wanga kidogo walikuwa wameacha insulini, dhidi ya asilimia 41 ya waliokula chenye wanga wa kati na nyuzinyuzi nyingi.

Lebo nyingi hazitaji wanga, lakini unaweza kuukadiria. Toa kutoka 100 jumla ya protini, mafuta, majivu, nyuzinyuzi na maji. Kinachobaki ni wanga. Kisha zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, uone wanga ni sehemu gani ya jumla. Chukua kopo lenye protini 11, mafuta 6, majivu 2, nyuzinyuzi 0.5 na maji 78. Wanga ni 2.5, na nishati yake ni karibu asilimia 9. Chukua sasa chakula kikavu chenye protini 32, mafuta 14, majivu 7, nyuzinyuzi 3 na maji 8. Wanga ni 36, na nishati yake ni asilimia 35. Lebo hutoa viwango vya chini na vya juu badala ya vipimo halisi, kwa hiyo ni makadirio, lakini tofauti kati ya 9 na 35 haihitaji usahihi zaidi.

Kopo la kawaida lenye nyama nyingi na mchuzi mchache (mchuzi mzito mara nyingi una unga) linafaa paka wengi na lina maji ambayo mwili huu unayahitaji. Kopo la tiba la kisukari linakupa uhakika wa vipimo vyake, ila soma hata hilo, maana baadhi ya vyakula vya zamani vya kisukari vilijengwa juu ya nyuzinyuzi badala ya kupunguza wanga. Punje kavu za wanga kidogo ni za paka aliyekataa kopo kabisa. Huwa zina nishati nyingi katika kiasi kidogo, na paka mnene hupata shida kupungua akizila.

Paka mwenye ugonjwa wa figo ni kesi ya peke yake. Protini nyingi na fosforasi nyingi vinaweza kumdhuru, na mara nyingi figo hupewa kipaumbele juu ya wanga. Hapo daktari aamue.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Ukimbadilishia chakula paka anayechomwa insulini, sukari inaweza kushuka sana ndani ya siku moja au mbili. Mwambie daktari kabla, kubalianeni dozi, badilisha taratibu na upime. Anayepimiwa kliniki tu asibadilishe chakula bila mpango huo hata kidogo.

Kama ni mnene, apungue polepole, asilimia nusu hadi moja ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo saba hizo ni gramu 35 hadi 70. Usimfungishe kula ili apungue haraka: paka aliyekaa siku chache bila chakula, hasa mnene, anaweza kupata ini lililojaa mafuta, nalo humuua kabla ya kisukari.

Hali yako ikiwa hivi

Amegunduliwa wiki hii, una ratiba na mikono haitetemeki: njia ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa ya kutulia, na wiki za mwanzo ndizo za kujitoa zaidi. Ukiona sukari inakaa kati ya millimoli 4 na 7 siku baada ya siku, usisubiri ziara iliyopangwa; dozi ipunguzwe kwa hatua na daktari.

Amegunduliwa wiki hii, ana nguvu na anakula, lakini wewe unafanya kazi za zamu na hakuna mtu wa kumchoma kila baada ya saa kumi na mbili: uliza kuhusu dawa ya mdomo sasa, kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo mlango huo karibu unafungwa. Hakikisha tu kuna mtu wa kumwona paka kila siku katika wiki mbili hizo za ketoni.

Amefika akiwa amekonda, anatapika, ana ketoni: ni insulini, hospitali. Hapo hakuna cha kulinganisha.

Ameishi na kisukari mwaka mzima au zaidi: nafasi ya kutulia ni ndogo lakini ipo. Chakula cha wanga kidogo na insulini ya kudumu vitampa raha hata asipotulia, na njia ya pili ikisaidiwa na sensa mara moja moja mara nyingi inatosha.

Anakwaruza, anang'ata, anajificha ukifungua mkebe: usivunje uhusiano wenu kwa ajili ya namba. Sindano akiwa anakula, fruktosamini kliniki, sensa inapowezekana.

Dozi inapanda na sukari haishuki: simama kabla ya kuongeza tena. Hakiki insulini haijaharibika na sirinji ni sahihi, kisha mwombe daktari apime meno, mkojo, kongosho na homoni ya ukuaji. Uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari unaozidisha homoni hiyo si nadra kama tulivyodhani zamani kwa paka wenye kisukari, nao hufanya insulini ionekane kama maji.

Ametulia tayari: chakula kibaki kilekile, uzito upimwe kila wiki, sukari ipimwe walau mara moja kwa wiki mwanzoni na baadaye mara moja kwa mwezi, na kila daktari atakayemwona ajue kwamba steroidi kwake ni za kuepukwa. Kijivu alikaa bila insulini mwaka mmoja na miezi minne. Tuligundua kwa tone la sikio la Jumapili kwamba kisukari kimemrudia, kabla hajaanza kunywa maji kwa pupa, na tukaanza tena na nusu yuniti.